Aliyenijibia Salamu Mlangoni

Rukia mwanangu,

Barua tulizofundishwa kuandika zamani zilianza na "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali." Wewe hata mbali hujafika. Uko Vugiri kwa Bibi, unaagwa kwa viazi vya kuchemsha na maneno mengi, na gari la kushuka litakurudisha hapa Manundu, Korogwe, kabla ya magharibi. Hofu na mashaka viko juu yangu mimi niliyebaki na begi lako.

Nimelifungua. Usinune. Nilitaka kukutilia kanga mbili, nikakuta umepanga kila kitu vizuri kama kawaida yako, viatu vimeviringishwa kwenye gazeti, sabuni kwenye mfuko wake. Lakini barua yako ya kazi, ile ya kwenda kuhoji watoto Handeni, haimo. Iko juu ya kabati, palepale ulipoiweka Jumatatu, na juu yake umelaza chanuo. Mimi nimefundisha watoto miaka ishirini na sita, na ninajua tofauti ya daftari lililosahaulika nyumbani na daftari lililoachwa nyumbani.

Kwa hiyo sitaandika habari za chandarua wala za kuchemsha maji ya kunywa. Handeni si Ulaya. Ni kwetu mimi, utawakuta mama zako wadogo wanakugombania, na watakushindilia bada, ule ugali wetu wa muhogo, mpaka uombe msamaha. Ninaandika kwa sababu ya barua ile iliyo juu ya kabati, na kwa sababu ya lile ulilotaka kuniambia Jumamosi nikakukatiza.

Tulikuwa tunachambua mchele, unakumbuka. Ukasema, "Mama, hivi mtu asiyeujua moyo wake mwenyewe anaweza kwenda kuwauliza watoto wa watu habari za mioyo yao?"

"Nani huyo asiyejua?"

"Mimi hapa, Jiwe. Si ulinipima mwenyewe, mama?" Ukacheka, ukarusha punje mbovu nje. "Kazi nimeipata, nashukuru, ila..."

Nami nikasema, "Hebu nenda kaangalie maji kama yamechemka."

Ukaenda. Maji yalikuwa hayajachemka, na wote wawili tulijua. Uliporudi ukaanza kuzungumzia bei ya nyanya. Tangu siku hiyo sijatulia, Rukia. Miaka kumi na miwili imepita na bado nimekufanyia kosa lilelile, na safari hii hata foleni ya watoto nje ya mlango haikuwepo ya kuisingizia.

Sasa nikueleze yote, maana wewe unakijua kipande kimoja tu, tena kile nilichokupa mimi.

Ulikuwa darasa la nne. Walikuja watafiti wawili, watu wapole, wakasema wanataka kupima jinsi watoto na vijana wanavyozitambua hisia zao. Je, mtoto akikasirika anajua kuwa ni hasira? Anaweza kutofautisha woga na huzuni? Anajua kilichomfikisha hapo? Walihitaji walimu wa kuwasaidia kuuliza, nami nikachaguliwa. Tukafundishwa siku tatu. Tukapewa dodoso na karatasi yenye nyuso sita zilizochorwa, moja inacheka, moja imekunja ndita, moja machozi, na kadhalika. Tukapewa na masharti, na mawili kati yake ndiyo yaliyonihukumu baadaye: mzazi asimhoji mwanawe, na muulizaji asikimbilie swali la pili kabla mtoto hajamaliza kujibu la kwanza.

Nisikufiche, nilijiona. Mwalimu Tausi, rafiki yangu, alikuwa akihoji watoto kumi kwa siku. Mimi nilihoji ishirini na tano. Watafiti walishangaa. Nikadhani ni mshangao wa kunisifu.

Ukweli ni kwamba watoto walikuwa wakinijibu haraka kwa sababu walidhani ni mtihani. Walikuwa wanaingia, wanasimama wima, "Shikamoo mwalimu!" kisha wanaitazama karatasi ya nyuso kama hesabu. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yupi ndiye wa kupata vema?" Mwingine aligusa uso unaocheka, nikamuuliza kwa nini, akasema, "Huyu ndiye kaoga." Nilicheka sana, nikaandika kwamba mtoto ana furaha.

Tena kulikuwa na jambo la kwetu sote, ambalo nililijua tangu nazaliwa na sikulifikiria hata siku moja. Huku kwetu mtu hata akiwa anatoka mazikoni, ukimuuliza habari anaanza na nzuri. Nzuri, ila tumefiwa. Salama, ila mvua imekata na mahindi yamekauka. Hajambo mgonjwa, ila amezidiwa. Hiyo "nzuri" ni mkeka tunaomtandikia mtu kwanza, akishakaa ndipo apewe habari yenyewe. Sasa mimi, Mzigua wa Sindeni, niliyelelewa kwenye mikeka hiyo, niliwauliza watoto wa Korogwe "unajisikiaje leo," wakanijibu "vizuri," nami nikaandika vizuri na kwenda mbele. Darasa zima lilikuwa vizuri. Mtoto aliyekuja bila kula tangu jana alikuwa vizuri.

Siku ya zamu ya darasa lenu Mwalimu Tausi alishikwa na malaria. Ningeweza kusubiri apone. Nikasema mtoto ni mtoto, hata wa kwangu, atanijibu kama wenzake. Watoto walikuwa wamejipanga mpaka kwenye mti wa bendera.

Ukaingia. Ukaniamkia kama mwalimu, hukuniita mama, na hilo nalo lilinifurahisha, nikaona mtoto ana adabu. Nikakuuliza, "Habari za nyumbani?" Fikiria, Rukia! Nakuuliza habari za nyumba tunayolala wote. Ukasema nzuri. Nikauliza, "Unajisikiaje leo?"

"Vizuri, mwalimu, ila..."

Niliisikia. Kwa miaka yote hii nimejidanganya kwamba sikuisikia, kwamba watoto nje walikuwa wanapiga kelele. Niliisikia vizuri sana. Na nilijua ila hiyo ingeelekea wapi, maana ilikuwa miezi miwili tu tangu tumzike Omari wetu. Mdogo wako, miaka mitatu, homa ya siku mbili. Nilikuwa nimekaa arubaini, nikavaa, nikarudi kazini, nikawaambia watu tumeshapoa. Kama ungeimalizia ile sentensi pale ofisini, mimi ningelia mbele ya foleni ya watoto. Kwa hiyo nikasema, "Swali la pili."

Ukanitazama kidogo. Halafu kila nilichouliza ukajibu "sijui." Ukikasirika unajua ni kwa nini? Sijui. Ukiwa na huzuni, mwili wako unasikiaje? Sijui. Kuna mtu unayemwambia? Ukanyamaza. Nikaandika hakujibu.

Jioni nilijumlisha alama zako. Zilikuwa chini kuliko za wenzako wote. Mama mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuja nyumbani nikamwambia baba yako, "Mtoto wetu huyu ni jiwe. Hakulia hata siku ya mazishi, na leo nimempima, hana analojua la moyoni mwake."

Baba yako alikuwa anaziba tairi la baiskeli. Hakuinua uso. "Mtoto si gunia la mahindi, Mama Rukia," akasema. Unamjua, akitoa sentensi moja ndiyo ya wiki hiyo. Ningemsikiliza yeye, ile siku ingeishia pale. Lakini jina lilishatoka mdomoni. Binamu zako wakalidaka, mwisho hata wewe ukawa unajiita. Jiwe, leta kijiko. Jiwe hakuna kinachomuuma. Likawa utani, na sisi watu wa utani tunajua kufunika kidonda kwa kicheko.

Sasa nifike kwenye kofi.

Mwezi uleule ulianza tabia mpya. Mtu akipita mlangoni, kabla hajamaliza kubisha hodi, wewe umeshatoka mbio. "Habari za hapa?" "Nzuri, shikamoo bibi! Mama amejipumzisha. Karibu." Mimi sikuwa nimejipumzisha, nipo nyuma ya pazia nimesimama na mwiko. Kila siku hivyo. Ukiwa shuleni majirani walinikuta mwenyewe, ukiwepo hawakunipata. Nikaona mtoto ameota kiherehere, anawajibia wakubwa, anasema uongo mdogo mdogo. Siku moja alikuja Mama Sefu wa nyumba ya pili, ukamwahi kama kawaida yako, na alipoondoka nikakuzaba kofi. Nikasema mtoto hajibu salamu ya mkubwa wakati mkubwa mwenyewe yupo. Hukulia. Nikasema moyoni, si unaona, jiwe.

Ulichota maji, ukaosha vyombo. Kesho yake Mama Sefu alipokuja ukatoka tena.

Hapo ndipo ninapokushangaa sasa, maana wakati ule sikuwa na akili ya kushangaa. Mtoto wa miaka kumi, shavu limezabwa jana, anatoka tena kwenda kupokea salamu isiyokuwa yake. Ni mtu gani mzima ninayemjua mimi mwenye moyo wa namna hiyo? Nimewatafuta. Sijawapata wengi.

Likizo ya mwezi wa sita tukapanda Vugiri. Bibi yako, mama yake baba yako, wajua salamu zake. Mimi zilikuwa zinanichosha tangu nilipoolewa. Anauliza watoto, anauliza shamba, anauliza goti lako, mbuzi, mvua ya kwenu, halafu anarudi kwa watoto tena kama vile hakuuliza. Nilikuwa nadhani ni uzee, au ni mambo ya Kisambaa tu. Mlikaa naye barazani mnapukuchua maharage, ukungu umefunga mpaka mlangoni, na mimi nilikuwa jikoni namsikia anakuzungusha. Nyumbani hawajambo? Hawajambo. Shule? Nzuri. Mama? Hajambo. Baba na baiskeli zake? Hajambo. Maharage yanalia kwenye ungo. Na mama, hajambo? Hajambo, bibi. Bibi anapukuchua ganda lingine, na lingine. Na mama?

"Hajambo, bibi, ila watu wakimuuliza habari za hapa huwa anakabwa. Neno nzuri halipiti. Nimemwona anashika koo. Kwa hiyo namsemea mimi."

"Na wewe, mjukuu wangu? Wewe linapita?"

"Linapita. Ila nikishasema nasikia kama nimemeza kokwa. Nikikimbia kuchota maji linashuka."

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya moto kwa kitambaa chembamba, na sikujua kwamba naungua mpaka baadaye. Umeliona kovu, la hapa kidoleni, nililokuambia ni la pasi.

Bibi hakuniambia kitu mbele yako. Alipokuja jikoni aliiangalia mikono yangu, akasema, "Mama Rukia, ile karatasi yenu ilimpima mtoto, au ilikupima wewe?" Mkwe wangu yule ana maneno ya kuchinja bila kisu. Nikalia pale jikoni, kilio cha Omari chote nilichokuwa nimekikalia, na Bibi akaendelea kukoroga mboga ili isishike.

Rukia, hebu tazama vizuri ulichokuwa unakijua. Ulijua kinachoniuma kabla mimi sijakubali kwamba kinaniuma. Ulijua kinakaa wapi mwilini mwangu. Ulijua chako kinakaa wapi, na dawa yake umeshaipata, kukimbia na ndoo. Ulijua kutenganisha changu na chako, jambo ambalo mimi mama yako nina miaka hamsini na mbili bado linanishinda. Kwenye dodoso langu hayo yote yaliandikwa sijui, sijui, hakujibu. Hukuwa jiwe hata siku moja. Mwenye moyo mgumu alikuwa anakaa upande wa pili wa meza, mwenye kalamu.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia tuliposhuka Vugiri. Aibu, mwanangu. Nilitaka kukuomba radhi njiani, tulipofika barabara kuu gari liliposimama. Nikakununulia muhindi wa kuchoma badala yake. Ukaula, ukanipa nusu. Nikajisemea nitakuambia ukikua. Ukakua, na jina lilikuwa limeshakuwa utani wa ukoo mzima, nikaogopa kwamba nikilishika litatoka na damu. Nilichofanya ni kuacha kukuita mimi mwenyewe. Sijui kama uliona. Kwa jinsi ninavyokujua, uliona siku hiyohiyo.

Nimekutazama miaka yote hii nikijifanya nasahihisha madaftari. Lile banda la baba yako la kuzibia tairi kando ya barabara lilipobomolewa, watu walimjaza pole mpaka akawakimbia. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Hukumpa pole. Ulikaa naye uani ukamshikia tairi kwenye beseni la maji, mkitafuta tundu, saa nzima, hamsemi kitu. Yule mzee alikula chakula usiku ule kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Nilijua nimezaa mtu. Sikukuambia, nikakuambia ufute maji yaliyomwagika uani.

Sasa hiyo kazi. Najua unadhani nitakuambia karatasi zao ni za bure, uwadharau. La. Maswali yale yalikuwa mazuri. Wengi wa watoto wale, hakuna mtu mzima aliyewahi kuwauliza kama wanajisikiaje, na kama watafiti wale wasingekuja, mimi nisingejua hata kwamba kuna kitu sikijui. Pia masharti yao yalikuwa ya haki kuliko mimi. Walisema nisikimbilie swali la pili. Walisema nisikuhoji. Mzani haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeukanyaga.

Nilichojifunza ni kidogo, na umekijua kabla yangu: mtoto wa kwetu akisema vizuri, bado hajaanza kusema. Kaa. Zungusha salamu kama Bibi; hata mbuzi wao wana majina, ukitaka uulize. Utawakuta watoto wa Kizigua, wengine wa wafugaji wa Kimaasai wasiokuwa na haraka ya kumjibu mgeni, na msimamizi wako atakuambia wenzako wamemaliza ishirini na tano. Mwambie una mama aliyemaliza ishirini na tano. Wewe utamaliza sita, na hao sita mtu atakuwa amewasikia.

Halafu hili la kwamba hujui moyo wako. Jumamosi uliniambia unaogopa. Ulilisema kwa njia ya kunionea huruma, ukaligeuza mzaha ili mimi nisijisikie vibaya kwa jina nililokupa mwenyewe. Mtu asiyejua moyo wake hafanyi hivyo, hajui hata pa kuanzia. Ningekuwa na dodoso mbele yangu ningekujazia alama zote na kugonga muhuri.

Nisamehe kofi. Nisamehe "swali la pili." Nisamehe jina. Nitawaambia binamu zako Ijumaa wakija, kwa mdomo wangu, kwamba jina nililitunga mimi kwa makosa na ninalirudisha. Watacheka, waache wacheke.

Barua ya kazi nimeitoa chini ya chanuo. Sijaitia begini. Nimeiweka juu ya begi pamoja na hii, utaamua mwenyewe pa kuiweka. Ukiamua kubaki, kuna mchele wa kuchambua na sitakuuliza mara mbili. Lakini kama unabaki kwa ajili ya yale niliyoandika siku ile, basi soma tena kuanzia mwanzo.

Kuna jambo moja linalonitisha, nikuambie ili usije ukaligundua mwenyewe ukiwa kule. Hujaacha kunijibia salamu. Una miaka ishirini na mbili na bado, mtu akibisha hodi, wewe ndiye unayeinuka. Nimekuachia miaka kumi na miwili. Kesho ukipanda basi asubuhi, hata kabla hujavuka daraja, Mama Sefu atapita kwenda dukani kama kawaida yake, na atauliza habari za hapa.

Usigeuke kuangalia nyuma. Nitakuwa nimesimama mlangoni, pazia limefungwa pembeni. Nitamwambia, "Nzuri, Mama Sefu, ila Rukia wangu ameondoka leo, na Omari wangu angekuwa na miaka kumi na mitano. Ingia ukae."

Mama yako